Paka hashibi kwa wali: dagaa, kuku, punje au kopo kwa paka mwenye tumbo korofi?

Ramadhani ya mwaka juzi paka wangu Shombo alifuturu na sisi kila siku. Magimbi ya nazi, maharage ya nazi, mkia wa kibua wa kukaanga: kila mtoto alimdondoshea chake chini ya meza akidhani haonekani. Kufika kumi la pili choo chake kilikuwa uji. Sanduku lake la mchanga liko uani, lakini harufu ilikuwa inafika ukumbini kabla mwenyewe hajamaliza kufukia.

Ushauri ulikuja bure na kwa wingi. Bibi wa nyumba ya pili alisema, "Mpe maziwa, mjukuu wangu, tumbo litatulia." Kijana wa duka la vyakula vya mifugo akaniuzia mfuko wa punje, yaani chakula kikavu cha paka cha kiwandani. Muuza dagaa akaapa kwamba paka wa kwao Musoma hawajawahi kula kingine na hawajui kuharisha. Dada yangu aliyeko Muscat akapiga simu kusema kule paka wake anakula kopo tu, chakula laini cha paka, na manyoya yanang'aa. Kila mmoja alikuwa na paka mzima wa kumtolea ushahidi.

Tangu hapo nimewapitisha paka wangu watatu kwenye karibu vyote hivyo. Shombo ni dume aliyehasiwa, kilo nne na ushei. Mwali ni bibi wa miaka 13 ambaye shida yake ni kinyume: choo hakitoki. Kipusa aliokotwa Feri, sokoni kwa samaki, akiwa wa kutosha kiganja kimoja. Ninalinganisha kwa ajili ya mtu mwenye paka kama hawa na mfuko kama wangu, siyo mwenye friji maalumu ya paka.

Kwanza mkia, ndipo sahani

Daktari wa mifugo niliyempelekea Shombo hakuniuliza anakula nini. Alimwinua mkia. Kwenye manyoya ya pale nyuma vilikuwa vimeganda vipande vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele. Viwili vimekauka vikafanana na ufuta, na kimoja kilikuwa bado kinajikunja. Tegu. Paka humpata mnyoo huyu kwa kumeza kiroboto anapojilamba, kwa hiyo kumpa prazikwanteli, dawa ya tegu, huku viroboto wamejaa kwenye mkeka anaolalia ni kuteka maji kwa pakacha. Lazima wote wawili waondoke.

Mimi nilikuwa nimeshabadilisha chakula mara tatu ndani ya wiki tatu, na kila badiliko lilizidi kumvuruga. Ndiyo maana nasema ulinganisho wowote wa vyakula uanze baada ya minyoo. Watoto wa paka hupata minyoo ya duara kwenye maziwa ya mama yao, hivyo dawa yao huanza wakiwa na wiki tatu, hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Paka mkubwa anayewinda panya apewe kila miezi mitatu. Beba na choo chake kwenye kichupa safi: kuna vijidudu kama jiadia ambavyo havionekani kwa macho wala havifi kwa dawa ya kawaida ya tegu.

Yapo pia mambo ambayo hayangoji sahani. Mtoto asiyechanjwa akitapika na kuharisha siku moja, huenda ni ugonjwa wa virusi ambao huku wengi wanauita parvo ya paka, na unaua haraka. Paka mnene akigoma kula siku mbili au tatu, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini huelemewa. Uzi ukining'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, maana unaweza kukata utumbo kama waya unavyokata sabuni. Na dume anayechuchumaa kwenye mchanga akikamua bila kitu kutoka, watu wengi husema amefunga choo. Angalia kwanza kama anakojoa. Njia ya mkojo ikiziba ni saa, siyo siku.

Wahenga waliliona

Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Mithali inasemwa kwa maana ya watu, lakini hata ukiichukua kwa paka mwenyewe iko sahihi kuliko nusu ya maandishi kwenye mifuko ya dukani. Mwili wa paka umejengwa juu ya nyama. Hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama sisi. Anaihitaji ikiwa tayari, kutoka kwa mnyama mwingine. Hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho moyo na macho yake hukitegemea, nayo hupatikana kwenye nyama na samaki, siyo kwenye ugali wala mchele. Hilo halikujulikana vizuri hata kwa watengenezaji: mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa wamepungukiwa taurini, wengine huku wakila chakula cha viwandani. Viwanda vikaongeza kiasi tangu hapo.

Kwa hiyo makombo ya ugali na mchuzi, ambayo ndiyo chakula cha paka wengi wa mitaa yetu, siyaingizi kwenye mashindano. Paka anayeishi kwa makombo na bado ana afya, anaishi kwa panya na mijusi. Makombo ni kijazio tu. Zaidi ya hapo mchuzi wetu una kitunguu, na kitunguu, maji au saumu, kibichi au kilichoiva, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Hata zile pilau tamu za Idi.

Maziwa au supu

Hapa uamuzi ni mwepesi. Paka akishaacha kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na kwa wengi karibu huisha. Sukari ile hubaki tumboni, huvuta maji, huchacha, na matokeo yake unayafuta sakafuni. Sikumwambia bibi wa nyumba ya pili kwamba alikosea. Nilimwambia paka wangu ni wa mjini, tumbo lake dhaifu. Alicheka, akaendelea kumpa wake.

Supu ya kuku au samaki isiyo na chumvi, kitunguu wala mchemsho wa pakiti hufanya kazi ambayo watu hudhani maziwa yanaifanya: inamnywesha, inanukia, na haimwendeshi. Namwekea Mwali vijiko vitatu vya chakula asubuhi na jioni.

Dagaa au kuku

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dagaa wana mambo mawili mazuri: ni samaki mzima, yaani nyama, ini na mifupa vyote vimo, na wanapatikana hata kwa kibaba. Lakini dagaa si wamoja. Wale wa Ziwa Victoria hukaushwa juani, mara nyingi wametandazwa juu ya mchanga; wa pwani, kama wa Unguja na Bagamoyo, wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kwanza ndipo wakaanikwa. Wa kwanza wana mchanga, wa pili wana chumvi. Wote nawafanyia hivi: nawaloweka kwenye maji ya vuguvugu robo saa, nawasugua kwa kiganja, namwaga maji, narudia mara mbili. Siku ya kwanza nilipomwaga bila haraka niliona chini ya sufuria tabaka la mchanga linalotosha kusugulia sahani. Huo wote ulikuwa unapita kwenye utumbo wa Shombo. Kisha nawachemsha dakika kumi, mifupa inalainika, nawaponda na maji yao.

Ubaya wa dagaa ni kuwafanya chakula pekee. Mafuta ya samaki huharibika upesi, na paka anayekula samaki wenye mafuta siku nenda siku rudi hupungukiwa vitamini E. Mafuta ya chini ya ngozi yake huvimba na kuuma, ukimshika mgongoni analia. Dagaa walioanza kunukia mafuta yaliyochina au wenye ukungu wasiingie ndani kabisa. Na samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1: paka huanza kuyumba, shingo ikainama kidevu kikagusa kifua. Moto huondoa kimeng'enya hicho. Ndiyo maana hata kwa samaki wa Feri waliotoka majini alfajiri ile ile, jiko halikwepeki.

Kuku wa kuchemsha ni mpole zaidi kwa tumbo linaloharisha. Hana mchanga, hana chumvi, na mafuta yake unayatawala mwenyewe kwa kutoa ngozi. Chukua mapaja badala ya kidari, maana nyama nyekundu ina taurini zaidi kuliko nyeupe. Ongeza mioyo na firigisi, ambazo kwa muuza kuku ni rahisi kuliko nyama. Ini liwe kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa siku chache za wiki, siyo kila siku, kwani vitamini A ikizidi kwa miezi humkakamaza paka mifupa ya shingo. Mifupa iliyoiva toa yote, inakatika kama sindano. Na maji uliyochemshia usimwage: sehemu ya taurini imehamia humo.

Shombo alipoharisha, siku nne za kuku na supu yake, sehemu ndogo ndogo mara tano kwa siku, zilimfaa kuliko dagaa. Lakini kuku mtupu kwa miezi ni hatari ya aina nyingine. Nyama haina kalisi ya kutosha, madini ya mifupa. Mwili huichota kwenye mifupa, na kwa mtoto kama Kipusa miguu ingeweza kuvunjika kwa kuruka kitandani tu. Ukinibana nichague kimoja kwa siku tano za tumbo bovu, kuku. Ukisema kitoweo cha kuongezea juu ya chakula kingine mara mbili au tatu kwa wiki, dagaa waliooshwa.

Kuna tahadhari moja. Nyama ya ng'ombe, samaki na kuku ndizo zinazotajwa zaidi kwa paka wanaokataliwa na chakula. Kama minyoo imeondoka na choo bado uji, inawezekana ni kuku mwenyewe. Hapo jaribu nyama ambayo hajawahi kuionja, sungura au mbuzi kwa mfano, hiyo tu bila kidokozi kingine. Tumbo likiwa la kutii, mara nyingi mabadiliko yanaonekana ndani ya wiki mbili. Watoto wa nyumbani ndio adui mkubwa wa jaribio hili.

Punje au kopo

Dada wa Muscat na kijana wa duka wangeweza kubishana hadi asubuhi, na wote wana hoja. Kinachowatenganisha hasa ni maji. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 za maji kwa siku, kwa kula na kunywa, na kwa asili yake si mnywaji. Panya ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, hivyo mababu zake walikuwa wanakunywa kwa kula.

| Chakula | Kiasi kwa siku, paka wa kilo 4 | Maji yaliyomo |
|---|---|---|
| Punje | gramu 55–65 | mililita 5 hivi |
| Kopo au pakiti laini | gramu 220–280 | mililita 180–220 |
| Kuku wa kuchemsha, nyama tupu | gramu 120–140 | mililita 80–90 |

Hesabu hizi ni za paka wa ndani asiye na mbio nyingi, anayehitaji kama kilokalori 220. Zinasaidia pia kwenye bei. Usilinganishe mfuko na kopo. Gawanya bei kwa siku. Mfuko wa kilo moja na nusu unamtosha paka mmoja siku 25 hivi, ilhali pakiti laini ya gramu 85 ni theluthi tu ya siku. Nilipopiga hesabu hiyo kwa paka watatu nikajua kwa nini dada yangu ana mmoja.

Kwa Mwali, anayefunga choo, kopo lilishinda waziwazi. Utumbo mpana hunyonya maji kutoka kwenye choo. Paka akiwa mkavu choo kinakuwa kokoto, kokoto zinakaa, zinakauka zaidi, na utumbo wenyewe hatimaye hutanuka ukalegea. Kwa paka wa namna hiyo, au dume aliyewahi kuziba mkojo, ningekata kwingine lakini siyo kopo.

Kwa Shombo na Kipusa punje zinafaa, mradi maji yawepo. Nazilowanisha kwa maji ya vuguvugu robo saa kabla, na zisizoliwa ndani ya saa moja au mbili natupa. Joto la Dar es Salaam halina mzaha. Mfuko nikishaufungua naukunja na kuuweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na jua. Punje za kupimiwa kutoka kwenye gunia lililokaa wazi dukani siku hizi sinunui, hata kama ni za jina kubwa. Zinachina, zinaingiwa na mende, na huna kibandiko cha kusoma.

Kibandiko ndicho kinachoamua, kuliko picha ya paka wa kizungu juu ya mfuko. Kikiwa cha Kiingereza, tafuta neno complete, maana yake chakula kinajitosheleza. Ukikuta complementary, hicho ni kitoweo cha kuongezea, na kopo nyingi za samaki tupu za bei nafuu ni za aina hiyo. Umri pia uwe umetajwa: paka mdogo, mkubwa, au wote. Jodari wa kopo wa binadamu hayumo kabisa. Ana chumvi, hana vilivyoongezwa, na paka akizoea harufu yake atakugomea kila kitu.

Kupika mwenyewe moja kwa moja

Miezi miwili nilipika kila kitu: mapaja, mioyo, ini kidogo, yai, na maganda ya yai yaliyosagwa laini, nusu kijiko cha chai au kuzidi kidogo kwa kila nusu kilo ya nyama, kwa ajili ya kalisi. Walikula kwa furaha. Choo kilikuwa kizuri kuliko wakati wowote. Niliacha kwa sababu ya hesabu, si uvivu, ingawa uvivu nao ulikuwepo. Mwaka 2019 watafiti wa Davis walipima mapishi 114 ya chakula cha paka yaliyo vitabuni na mtandaoni, na hakuna hata moja lililotimiza virutubisho vyote vinavyohitajika. Upungufu wa vitamini E, zinki au taurini hauonekani kwenye choo. Unaonekana baada ya miezi, kwenye macho au moyo. Ukitaka njia hii, nunua mchanganyiko wa vitamini na taurini uliotengenezwa kwa ajili ya mapishi ya paka na ufuate kipimo chake, au muombe daktari akuandikie pishi.

Mbichi?

Hoja inayosikika sana ni kwamba paka wa Feri hula matumbo ya samaki mabichi chini ya meza za wapaaji na wamenenepa. Nimewaona pia, saa kumi na mbili asubuhi wamejipanga kama wateja. Lakini tunaowaona ni waliobaki. Kipusa alitoka palepale na tumbo la ngoma lililojaa minyoo.

Nyama mbichi huweza kubeba bakteria wa salmonela, na friji haiiui, inailaza tu. Huweza kubeba kijidudu kiitwacho toksoplazma, jambo zito kama nyumbani kuna mjamzito. Na Desemba 2024 huko Oregon, Marekani, paka alikufa kwa mafua ya ndege aina ya H5N1 baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa, cha kampuni, siyo cha mtaani. Faida ya mbichi juu ya iliyochemshwa kidogo sijaiona kwa paka wangu, kwa hiyo sinunui hatari nisiyohitaji.

Boga, ispaghula na dawa za bibi

Tiba za jikoni nazo si sawa. Boga la kuchemsha bila nazi wala sukari, kijiko kimoja cha chai kwenye chakula, ni pole: linasaidia kidogo choo kikavu na kidogo choo laini, na likikataa halijadhuru. Ispaghula, yale maganda mepesi yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la isabgoli, yana nguvu zaidi. Mwali nampa robo kijiko cha chai, kimekwisha kuvimba kwenye maji, ndani ya chakula cha kopo. Kikavu usimpe, kinaweza kuziba. Na choo kikiwa kimekwama siku mbili au tatu, boga na ispaghula zote zimechelewa; siku hizo Mwali huandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo.

Mtindi watu wanausifu kwa bakteria wake. Kijiko kidogo hakimdhuru paka anayeuvumilia, lakini bakteria wa mtindi si wale waliojaribiwa kwa paka. Waliojaribiwa wapo: mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya Marekani kwenye makazi ya wanyama, ambapo paka waliopewa Enterococcus faecium SF68 walikuwa wachache zaidi kuharisha siku mbili au kupita kuliko wasiopewa. Huja kama unga wa kunyunyizia chakulani. Ukiukosa, usijilaumu, ni msaidizi tu. Kwa paka mzee anayeharisha muda mrefu na kukonda, muulize daktari sindano ya vitamini B12 mapema, maana utumbo mgonjwa huacha kuinyonya, na bila hiyo hata chakula kizuri hakikai.

Kitunguu saumu kwa minyoo: hapana, kwa sababu niliyokwisha kusema. Mafuta ya nyonyo kwa kufungua choo: hapana. Mafuta ya nazi kijiko kizima: yanaleta kuhara yenyewe. Mafuta ya mwarobaini na mafuta ya kunukia ya chupa ndogo, na Mungu anisamehe, mafuta ya taa kwa viroboto: paka hujilamba, na ini lake halina njia ya kutosha ya kuvunja vitu vingi ambavyo letu linavivunja. Panadoli ndiyo mbaya kuliko zote. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nakijua kisa cha mtaani kwetu, sitakisimulia.

Nje ya sahani

Nilichokidharau muda mrefu ni mahali. Sahani ya Mwali ilikuwa karibu na sanduku la mchanga, na bakuli la maji pembeni ya zote mbili. Nilipohamishia maji chumbani, kwenye bakuli pana la udongo ambalo ndevu zake hazigusi ukingo, alianza kunywa mbele ya macho yangu. Sasa kuna mabakuli matatu nyumbani.

Shombo naye alikuwa anakula kwa pupa kwa kumwogopa Kipusa, halafu anatapika punje zikiwa nzima. Kumlisha nyuma ya mlango uliofungwa kulimaliza matapishi ambayo nilikuwa nayatafutia dawa. Masanduku ya mchanga yawe moja zaidi ya idadi ya paka. Mimi ninayo matatu, nalijua deni. Kumchana manyoya kila siku mbili hupunguza mabunda anayoyatapika. Na mzani: jipime, kisha jipime umembeba, toa hesabu, andika ukutani kila mwezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna mfichaji kama paka. Kilo nne ikishuka hadi tatu na nusu jicho halioni, mzani unaona.

Ningemchagulia nani nini

Mtoto: punje au kopo la paka wadogo linalojitosheleza, dawa ya minyoo kwa ratiba, nyongeza chache. Mkubwa mzima na mfuko mwembamba: punje zinazojitosheleza zilizolowanishwa, na dagaa waliooshwa au kuku juu yake, visizidi kama sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Anayefunga choo, au dume mwenye historia ya mkojo: kopo, hata ikibidi kuazima kwenye bajeti ya vocha. Anayeharisha leo lakini anacheza na kunywa: kuku na supu siku tatu hadi tano, kisha rudi taratibu. Kurudi huko, au kuhamia chakula kipya chochote, ni siku saba hadi kumi: robo mpya na robo tatu ya zamani siku mbili tatu, nusu kwa nusu, halafu robo tatu. Choo kikilegea, rudi hatua moja nyuma, usirudi mwanzo.

Shombo sasa yuko kwenye punje za kulowanisha asubuhi na kopo jioni, na Ramadhani hii watoto walikula futari mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Mwali bado hagusi kopo lililotoka kwenye friji. Bakuli lake naliweka juu ya sufuria ya maji ya moto dakika tano, mpaka chakula kipate joto la panya aliye hai, ndipo anashuka kabatini.